Boriti Zina Majina, Watu Hawana

Iko kauli ipendwayo sana na watu wa elimu, nayo husemwa kwa ukavu wa macho kama jambo lisilohitaji shahidi: ati picha haisemi uongo. Kauli hiyo ni kweli kwa namna moja tu. Picha haisemi uongo kwa sababu haisemi kitu. Bubu hawezi kushtakiwa kwa kusema uongo, lakini asimamaye kando yake na kujifanya mkalimani wake anaweza kushtakiwa. Na mkalimani wa picha ni yale maneno machache yaandikwayo chini yake. Msomaji wa vitabu vya historia ya Afrika Mashariki hukutana na mkalimani huyu kila baada ya kurasa chache. Picha ina watu kumi na wawili na jahazi moja. Maneno ya chini yanataja jahazi. Picha ina mwanamke, mtoto na gari la moshi. Maneno ya chini yanataja gari la moshi, namba yake na kiwanda kilicholiunda. Mwanachuo huinakili picha katika tasnifu yake, huyanakili na maneno, na kwa kunakiliwa huko kosa la karani mmoja wa zamani hupata shahada.

Bonde la Rufiji na delta yake ni mahali pa kufaa sana pa kuipima kauli hiyo, maana kamera ilifika huko mapema, ikarudi tena na tena, na aghalabu ilikuja kutafuta kitu kingine, wenyeji wakawa wamesimama tu mbele yake.

Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, ilipokwisha kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Unguja tarehe 20 Septemba, ilikimbilia katika mikono ya mto Rufiji ikajificha nyuma ya mikoko. Waingereza waliisaka kwa miezi. Mwaka 1915 ndege zao zilizoruka kutoka Mafia ziliipiga picha kutoka angani, na tarehe 11 Julai mwaka huo Severn na Mersey, manowari mbili zilizoweza kuelea katika maji haba, zikaimaliza. Mizinga yake 10 ilitolewa majini, ikaburutwa na mamia ya watu hadi Dar es Salaam, kisha ikaenda kupiganishwa nchi kavu katika vita vya Lettow-Vorbeck. Mmoja wao umewekwa Mombasa, Ngome ya Yesu; mwingine uko Pretoria. Habari za mizinga ile zimefuatwa vituo kwa vituo: ulivyopigana, uliposhikwa, ulikohamishiwa. Jina la kapteni, Max Looff, limo katika kila kitabu kiitajacho vita ile. Walioivuta je? Hao ni idadi, tena idadi ya kukisia. Chuma kisicho na roho kina wasifu, na mtu aliyekikokota kwa kamba begani hana hata jina la baba yake. Hapana shaka liko jibu rahisi, kwamba vita ni vita na makarani walikuwa na haraka. Lakini haraka ile ilikuwa na macho ya kuchagua, maana karani yule yule alipata nafasi ya kuandika kipenyo cha mdomo wa mzinga.

Basi na iachwe vita, ichukuliwe amani. Alan Villiers, baharia na mwandishi mzaliwa wa Australia, alisafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kikuwait, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, kutoka Aden hadi pwani ya Afrika Mashariki. Walishuka hadi Unguja, na kutoka Unguja hadi Rufiji, ambako jahazi lilipakia boriti za mikoko za kupelekwa Ghuba. Safari hiyo ilizaa kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, na picha nyingi zilizohifadhiwa Greenwich, London, katika makumbusho ya taifa ya mambo ya bahari. Mwaka 2006 picha hizo zilitolewa katika kitabu chake peke yake. Ni picha nzuri. Asemaye kuwa si nzuri anasema kwa chuki. Villiers aliishi na mabaharia miezi mingi, akaijua kazi yao kwa kuiona kila siku, na hapana haki ya kumnyima sifa hiyo. Ndiyo maana nahodha wake ana jina, na mabaharia wake wana sura za watu na tabia za watu.

Walakini huruma yake ilikoma ubavuni mwa jahazi. Delta aliiona kuwa mahali pa mateso, penye tope, mbu na joto, na mateso aliyoyaeleza yalikuwa ya mabaharia, watu wa kuja na kuondoka. Waliozaliwa humo, waliojua ni mkono upi wa mto hukauka maji yakitoka na upi huchukua jahazi lililoshiba mzigo, wamo katika habari ile kama mikoko ilivyomo: ni sehemu ya mahali. Lawama ya hayo haimwangukii Villiers peke yake. Yeye alikuwa msafiri, na msafiri huandika safari yake. Lawama inawaangukia wale ambao, baada ya miaka zaidi ya 80, wanaitumia picha ya msafiri kana kwamba ni daftari la kijiji.

Na hapa ndipo penye hasara ambayo wasomi hawaijui, kwa kuwa hawajui walichokosa. Katika biashara ile miti ilihesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, wala haikuitwa yote boriti. Fito ndizo nyembamba kuliko zote; zikifuatiwa na pau, kisha mazio, kisha boriti zenyewe, kisha nguzo. Kila daraja ilikuwa na bei yake na kazi yake katika nyumba. Na yasemwayo juu ya vyumba vya kale vya Unguja, Lamu na Kuwait, kuwa upana wake ulipimwa na urefu wa boriti, ni kweli. Tena miti yenyewe haikuwa mmoja. Mkoko si mkandaa, mkandaa si msinzi, msinzi si mchu. Mkomafi ni mti wa maseremala. Na magome ya baadhi yake yalikuwa biashara nyingine mbali na boriti, kwa kazi ya kupaka ngozi rangi na kuzilainisha. Mweke mbele ya picha ya shehena mtu aliyekata miti hiyo, au mtoto wa mkataji. Atatazama rundo, atasema hizi ni pau, hizi mazio. Hizi zimekatwa mbali, maana huku karibu miti ya unene huu iliisha. Jahazi hili linapakia mwishoni mwa msimu, maana rundo ni la mabaki. Maneno hayo ni ushahidi wa uchumi, wa msitu na wa majira, nao umo wote ndani ya picha. Maneno yaliyoandikwa chini yanasema: miti ya mikoko, Rufiji. Kisha huyo huyo aliyeridhika na maneno hayo huandika makala ya kurasa thelathini kulalamika kuwa delta haina nyaraka.

Hapo ndipo ilipotoka dhihaka iliyomo katika kichwa cha insha hii. Wafanya biashara wa miti walikuwa na adabu ya kuipa kila fito daraja yake na jina lake. Wafanya biashara wa historia hawajafikia adabu hiyo kwa wanadamu.

Atasema mtu kuwa delta ni pembe iliyosahauliwa, na kwamba mahali palipopita reli mambo yalikuwa mengine. La, hayakuwa. Picha za reli ni nyingi kuliko za mikoko, na zina ugonjwa ule ule kwa kipimo kikubwa zaidi. Mkusanyo wa Winterton, uliomo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern huko Marekani tangu mwaka 2002, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960, na ujenzi wa reli ni mlango mmoja mkubwa ndani yake. Katika picha za namna hiyo, za mkusanyo wowote, mtu mweusi husimamishwa kando ya gurudumu la gari la moshi ili mtazamaji ajue ukubwa wa gurudumu. Yeye ni rula. Hakuna aulizaye rula inaitwaje.

Kusini mwa Rufiji iko habari ya reli inayostahili kusomwa kwa makini na kila apendaye picha za maendeleo. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha mpango wa karanga mwaka 1947, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, ilijengwa bandari Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea ili kubeba karanga ambazo hazikupatikana. Mpango ulikufa mwaka 1951, baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi. Reli iliendelea kupumua miaka michache, ikafungwa mapema katika miaka ya 1960, na vyuma vyake vikang'olewa. Matrekta, injini, mainjinia wenye kofia: vyote vilipigwa picha kwa wingi, kwa sababu picha zilitakiwa London kuwatuliza waliotoa fedha. Leo reli haipo, picha zipo. Aliyelaza mataruma ya reli ile na baadaye akaona yaking'olewa angeweza kusema juu ya picha hizo maneno ambayo hakuna ripoti ya Bunge la Uingereza iliyoyasema. Wangapi waliulizwa?

Wala asifurahi upesi yule apendaye kumtupia mkoloni kila kosa ili yeye alale usingizi. Reli ya Tanzania na Zambia, yenye kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na taifa huru, kwa msaada wa China, kwa nia njema isiyo na shaka. Picha zake zilipigwa na watu waliowaita wafanyakazi ndugu. Lakini tazama maneno ya chini: urafiki, umoja, ushindi. Mwanzo mtu alikuwa rula. Sasa alikuwa bendera. Cheo kimepanda, jina bado halijaandikwa. Kadhalika picha za vijiji vya ujamaa. Mafuriko ya mwaka 1968 yalipoikumba Rufiji, Serikali ilianza kuwahamisha watu kutoka bondeni kwenda kukaa katika ardhi ya juu, na picha za mwananchi mwenye jembe mbele ya nyumba mpya zikawa za kawaida katika magazeti ya nchi. Huyo mwananchi ni nani? Alihama kwa hiari au kwa shuruti? Alikotoka paliitwaje? Picha zaweza kujibiwa maswali hayo, maadam waliosimama ndani yake hawajafa wote.

Hapa Ngorongo inaingia, na si kwa mfano tu. Ngorongo ni miongoni mwa maeneo ya Rufiji ambayo historia yake haisomeki bila kuujua mto. Mrufiji wa zamani alilima kwa kuyafuata maji: mpunga ulipandwa mvua zikianza, ukangoja mafuriko, maji yalipopungua, tope jipya lililoachwa likapandwa mahindi, kunde na pamba, na kilimo hicho cha pili ndicho mlau. Wakati wa mafuriko na wakati wa kulinda ndege na wanyama, watu walikaa katika dungu, kibanda cha juu ya nguzo katikati ya shamba. Mgeni aonapo picha ya dungu huandika kibanda cha mkulima maskini. Dungu ni chombo cha elimu ya maji. Urefu wa nguzo zake ni kumbukumbu ya mafuriko yaliyotangulia, na mzee aliyekulia bondeni akiona picha aweza kukadiria ni upande upi wa mto na ni maji ya kiasi gani yaliyotazamiwa.

Kuhamishwa kwa watu kuliacha bondeni mashamba, miti ya miembe, makaburi, na majina. Mashamba mengine yaliendelea kulimwa kwa mbali. Majina yakaanza kukonda. Sasa limeongezeka jambo jingine. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba mwaka 2022 na kujengwa kwa kusudi la kutoa megawati 2,115 za umeme, limeushika mto juu ya vijiji hivyo. Faida ya umeme haipingwi hapa. Linalosemwa ni kuwa mto uliopigwa picha miaka ya 1950 na 1960 ulikuwa na tabia nyingine, na mwenendo wa mafuriko, uliowalisha watu na mara nyingine kuwafukuza, sasa una mkono wa mtu juu yake. Siku watu watakapobishana kuhusu bonde lilikuwa la nani, lililimwa wapi, maji yalifika wapi na mwaka gani, picha zile zitaitwa kutoa ushahidi. Shahidi asiyejua jina la mahali aliposimama atafaa nini mbele ya baraza?

Ziko hoja tatu za kupinga, na ni haki zijibiwe. Ya kwanza ni ya wapenda mitambo. Wao husema picha zimekwisha kuwekwa katika intaneti, kila mtu azione, kazi imekwisha. Mfano wao mmoja ni mwema kweli: mwaka 2011 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza ilizitoa hadharani, chini ya jina Africa Through a Lens, maelfu ya picha za iliyokuwa Wizara ya Makoloni, ikawaomba watu wote wasaidie kueleza yaliyomo. Ombi hilo lina heshima. Lakini liliandikwa kwa Kiingereza, likawekwa mahali panapohitaji chombo, umeme na mazoea ya kutafuta, na anayetafuta sharti atafute kwa maneno yale yale ya karani wa zamani. Mzee wa Ngorongo hatatafuta picha ya babu yake kwa neno mangrove, wala kwa neno native. Mlango umefunguliwa, ni kweli. Umefunguliwa upande asikokaa mwenye nyumba.

Hoja ya pili ni ya wenye haya. Wao huona picha hizo ni aibu: watu nusu uchi, watu wenye mizigo, watu wanaotazama kamera kwa woga, afadhali zifunikwe. Hao wanastahili kujibiwa kwa upole, kwa kuwa haya ni tabia njema. Ila aibu katika picha ya mpagazi ni ya nani? Kubeba mzigo si aibu. Kumpiga mtu picha bila kumwuliza jina, ndilo jambo la kuonewa haya, na halifutiki kwa kuificha picha. Linapunguzwa kwa kumwuliza sasa mjukuu wake.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo hutoka kwa wanahistoria wenyewe. Husema kumbukumbu za wazee zinapotoka; mmoja atasema huyu ni fulani, wa pili atasema siye, na mwanachuoni atabaki na majina mawili ya sura moja. Na abaki nayo! Ayaandike yote mawili, pamoja na jina la aliyesema na uhusiano wake na mwenye sura. Ubishi wa wazee wawili juu ya picha moja una habari nyingi: nani alikaa jirani na nani, ukoo upi ulihamia lini, kwa nini upande mmoja wapenda mtu yule awe wao. Ni ajabu kwamba hao hao waogopao kumbukumbu ya mzee hawaogopi maneno ya karani aliyepita siku mbili akiwa na homa. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno; mwanachuoni wa leo ameligeuza, huona neno huharibika likipita kwa wazee na hutakata likipita kwa karatasi.

Na wala si kweli kuwa jambo hili halijapata kufanyika mahali pengine. O. Winston Link, mpiga picha wa New York, alitumia miaka ya 1955 hadi 1960 kupiga picha za magari ya mwisho ya mvuke ya reli ya Norfolk and Western, katika milima ya Virginia na majimbo ya jirani. Alipiga usiku, kwa taa alizozifunga mwenyewe, na katika picha zake watu wa njiani, waliokaa barazani mwao au waliosimama dukani, wana nafasi sawa na gari lenyewe. Mwaka 2004 nyumba ya makumbusho ya kazi zake ilifunguliwa Roanoke, ndani ya jengo la stesheni ya reli ile ile. Picha zilirudishwa zilikopigwa, mahali ambapo mtazamaji aliweza kusema yule ni shangazi. Milima ile nayo ilikuwa nchi ya watu maskini, wachimba makaa waliozoea kuchekwa na watu wa mijini. Umaskini haukuzuia.

Itaulizwa ni nani wa kuifanya kazi hiyo Rufiji, na kwa fedha gani. Jibu lake halipendezi, maana linaondoa udhuru. Kila mwaka vyuo vya Tanzania hupokea vijana kutoka Ikwiriri, Utete, Mkongo, Kibiti, Nyamisati na visiwa vya delta, na kila likizo vijana hao hurudi kwao. Picha 40 zilizochapwa kwa ukubwa wa karatasi ya barua, zichaguliwe na mtu ajuaye, daftari moja, kinasa sauti kilichomo tayari katika simu ya kijana. Hakuna hapo kisichopatikana ila nia ya idara kukubali kuwa majina ya watu 12 waliosimama katika picha ni matokeo ya utafiti, yenye haki ya alama kama yalivyo matokeo mengine. Kwa sasa mwanafunzi apewaye alama ni yule aliyemnukuu mtaalamu wa ng'ambo juu ya nadharia ya picha. Aliyeleta jina la mvuta kamba huambiwa amekusanya hadithi.

Hesabu ya miaka nayo ifanywe bila kujidanganya. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka 10 jahazi la Villiers lilipoingia Rufiji alizaliwa mwaka 1929, na wa umri wake waliosalia ni wachache mno. Picha zile zimekaribia kufungwa. Aliyekuwa na miaka 20 wakati wa mafuriko ya 1968 alizaliwa mwaka 1948. Huyo angali anakwenda shambani. Kwa hiyo kazi ianzie kwenye picha za kuhama, si kwenye majahazi, hata kama majahazi yanapendeza zaidi ukutani. Na ianzie kwa wanawake, kwa kuwa ndio waliopanga nyumba mpya na kukumbuka kilichoachwa nyumba ya zamani, nao ndio walioulizwa mara chache zaidi. Nyuma ya kila picha pabaki peupe, paandikwe kwa Kiswahili, na nakala moja ibaki Ngorongo, shuleni, katika sanduku lisiloingiza mchwa.